Ramani ya moyo wa nani?

Wandugu, tuanze na namba mbili: 88 na 70. Zimetoka kwenye jaribio linaloitwa TAILORED-AF, lenye jarida la Nature Medicine lilichapisha mwaka 2025. Wagonjwa 374 wenye fibrilasioni ya atria ya kudumu, hopitali 26, nchi tano. Nusu walifanyiwa ablasioni ya kawaida. Nusu ingine walifanyiwa ile ya kawaida pamoja na nyongeza yenye iliongozwa na akili bandia, programu inayosoma umeme wa moyo palepale munganga akiwa kazini. Baada ya mwaka mmoja, watu 88 kwa 100 katika kundi la akili bandia hawakuonekana tena na fibrilasioni. Kundi lingine, 70 kwa 100.

Habari ya namna hiyo inatembea haraka kwenye simu. Ukiisoma ukiwa Kimanga, inakuacha na mawazo mawili, na yote mawili ni ya uvivu. La kwanza: wenzetu wamefika mbali, sisi tutakufa tu. La pili: hayo ni mambo ya wazungu, hayatuhusu. Mimi napendekeza tuisome ile makala sawa vile juri inasoma memwari yako siku ya defanse. Juri haiulizi kama kazi inapendeza. Inauliza ulipima nini, kwa nani, na kama jibu lako linajibu swali lenye uliuliza.

Kwa wenye hawakusoma tiba, maneno machache. Moyo unapiga juu ya umeme. Cheche inatoka sehemu moja juu ya atria ya kuume, inatembea kwa mpango, atria zinakaza, halafu ventrikuli zinakaza. Kwenye fibrilasioni mpango umekufa: cheche zinazunguka ovyo mara mia tatu na zaidi kwa dakika, atria zinatetemeka tu, hazisukumi. Mapigo yanakuwa bila utaratibu, mtu anachoka, anakosa pumzi. Hatari kubwa iko pembeni: damu inalala katika kile kimfuko cha atria ya kushoto, inaganda, donge linapanda kichwani. Hapo ni kiharusi, ile wengi tunaita AVC.

Mwaka 1998 wanganga wa Bordeaux, timu ya Michel Haïssaguerre, walionyesha kitu chenye kilibadilisha kazi yote. Kwa wagonjwa 45 walitafuta cheche za kwanza zinazoanzisha fibrilasioni zinatoka wapi. Walikuta vyanzo 69, na 94% vilikuwa ndani ya ile mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Basi dawa ikawa kuchoma duara kuzunguka midomo ya hiyo mishipa, ili cheche zibaki huko ndani, zisitoke. Waya mwembamba, katheta, unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unapanda mpaka moyoni, unatoboa ukuta kati ya atria mbili, unafika kushoto. Ndiyo ablasioni. Hiyo sehemu haina ubishi mkubwa, inafanya kazi.

Ubishi uko kwenye ramani.

Ncha ya katheta inajulikana iko wapi juu ya sumaku iliyo chini ya kitanda. Kila inapogusa ukuta wa moyo inaandika vitu viwili: nguvu ya umeme na saa yenye umeme ulipita hapo. Kompyuta inakusanya hizo alama mamia, hata maelfu, inachora moyo kwa rangi: nyekundu kwenye umeme ulifika mapema, zambarau kwenye ulichelewa. Ni picha nzuri sana, ukiiona unaamini. Na kama mapigo ni ya mbio lakini ya mpango, ramani inasema kweli, juu kila pigo linafanana na lililopita. Unapima nukta moja sasa, nyingine baada ya dakika mbili, unaziunganisha, hakuna shida.

Fibrilasioni haiko hivyo. Wenye mnakaa karibu na ziwa mnajua taa za wavuvi wa ndagala usiku. Kama mitumbwi imetia nanga, unaweza kupiga picha taa moja moja, ukaziunganisha asubuhi, ukapata ramani ya kweli. Kama mitumbwi inatembea yote, kila mmoja upande wake, utapata karatasi yenye nukta nyingi nzuri, na hakuna hata saa moja ya usiku yenye ziwa lilikuwa namna hiyo. Hii shida haikumalizwa na kuongeza nukta. Ndiyo maana watu walianza kutafuta njia zingine: kikapu cha elektrodi nyingi zinazopima kwa pamoja, halafu programu za kutafuta mzunguko, halafu sasa akili bandia yenye imefundishwa na macho ya wanganga kutambua alama za umeme uliotawanyika.

Historia ya hizo njia inafaa kusomwa kabla ya kupigia makofi ile 88. Mwaka 2012 jaribio CONFIRM lilitangaza njia ya kutafuta vizunguko ndani ya moyo kwa kikapu: 82% kwa 45%, tofauti kubwa kuliko ya leo. Wagonjwa walikuwa 92 tu. Vituo vingi vilinunua mashine. Majaribio makubwa yenye yalifuata hayakuweza kurudia yale matokeo, na ile njia ikapoa. Mwaka 2015 likaja STAR AF II, wagonjwa 589 wa fibrilasioni ya kudumu. Swali lake lilikuwa rahisi: tukichoma mishipa ya mapafu peke yake, au tukiongeza sehemu zenye ramani inaonyesha umeme umevurugika, au tukiongeza mistari ya kukata njia, nani atashinda? Baada ya miezi 18, wenye walichomwa mishipa peke yake 59% walibaki bila fibrilasioni. Wenye waliongezewa kwa kufuata umeme uliovurugika, 49%. Wenye waliongezewa mistari, 46%. Tofauti kati ya makundi haikufika kiwango cha uhakika cha takwimu, lakini tumaini lilikuwa nyongeza ishinde, na nyongeza haikushinda. Makovu mengi zaidi, muda mrefu zaidi kwenye meza, faida hakuna.

Sasa turudi kwa TAILORED-AF tukiwa na hiyo historia mkononi. Sikatai ni kazi nzuri. Wamegawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hopitali ni nyingi, wanganga waliofanya ni 51, kwa hiyo siyo fundi mmoja hodari anayetembeza ustadi wake. Hiyo ni nguvu ya kweli, kitu chenye CONFIRM haikuwa nacho. Lakini angalia kile walihesabu. Lengo kuu lilikuwa kukosa fibrilasioni baada ya ablasioni moja. Fibrilasioni, siyo mapigo yoyote mabaya ya atria. Ukisoma mpaka chini ya muhtasari, wenyewe wanaandika wazi: kwa kukosa mapigo mabaya ya aina yoyote baada ya ablasioni moja, makundi mawili hayakutofautiana. Na muda wa kazi na wa kuchoma ulikuwa mara mbili.

Fikiria hiyo maana yake. Kama fibrilasioni imepungua na jumla ya mapigo mabaya haikupungua, basi kuna watu wenye walitoka kwenye fibrilasioni wakaingia kwenye mbio ya aina nyingine. Watetezi wanajibu kwamba hiyo mbio nyingine ni ya mpango, inachoreka vizuri, unarudi mara ya pili unaikata. Ni jibu lenye akili. Taa zimetia nanga, unaweza kuzipiga picha. Lakini "mara ya pili" ni neno jepesi kwa mtu mwenye anakaa kilomita kumi kutoka hopitali yenye bima inalipa. Kwa mgonjwa mwenye anatoka Kimanga, mara ya pili haiko. Kama jaribio lingehesabu kwa macho ya mtu huyo, namba ya kwanza kwenye muhtasari ingekuwa ile yenye iko chini.

Kitu kingine: jaribio lililipiwa na Volta Medical, kampuni ya Marseille yenye imetengeneza hiyo programu. Hiyo siyo dhambi, majaribio mengi ya vifaa yako hivyo, na wamesema wazi. Lakini mwanafunzi mwenye anasoma bila kuuliza nani alichagua lengo kuu, huyo hajamaliza kusoma.

Nisiwe mkali kupita haki. Ablasioni yenyewe, bila ramani za ajabu, ina ushahidi. Uingereza walifanya jaribio SHAM-PVI, likachapishwa 2024: watu 126, nusu walifanyiwa kazi ya kweli ya kugandisha midomo ya mishipa ya mapafu, nusu waliingizwa kwenye chumba, wakalazwa, lakini ndani ya moyo hakuna kitu kilichogandishwa. Baada ya miezi sita, muda wenye moyo ulikaa kwenye fibrilasioni ulipungua 60% kwa wa kweli na 35% kwa wengine. Tofauti ni ya kweli, na walisikia nafuu. CASTLE-AF ya 2018, kwa watu 363 wenye moyo umeshindwa kazi, ilionyesha kufa au kulazwa juu ya moyo kukishuka kutoka 44.6% mpaka 28.5%. Upande mwingine CABANA ya 2019, watu 2,204, haikuonyesha tofauti ya uhakika kwa kifo, kiharusi kibaya, kutoka damu sana na moyo kusimama vikihesabiwa pamoja: 8.0% kwa 9.2%. Watu bado wanabishana juu yake, maana robo na zaidi ya wenye walipewa dawa walikimbilia ablasioni katikati ya jaribio. Kwa ufupi: inasaidia mtu kuishi vizuri, na kwa baadhi inasaidia kuishi. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeandika ni uongo.

Swali langu ni lingine. Ni moyo wa nani wenye unachorwa kwenye hizo ramani?

Kuna kazi moja yenye kila mwanafunzi wa tiba wa pande zetu angepaswa kuijua kwa kichwa. Inaitwa RE-LY AF, rejista ya wagonjwa 15,400 wenye walifika kwenye huduma za haraka na fibrilasioni, nchi 46. Walipoangalia sababu, Afrika mtu mmoja kwa tano alikuwa na ugonjwa wa rimatizimu ya moyo: 21.5%. Amerika ya Kaskazini 2.2%. Baada ya mwaka mmoja, Afrika 20% walikuwa wamekufa, mara mbili ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya Magharibi. Kiharusi, Afrika 89 kwa watu 1,137, yaani 8%. Na sababu ya kwanza ya kifo, ukichukua dunia nzima, haikuwa kiharusi. Ilikuwa moyo kushindwa kusukuma.

Rimatizimu ya moyo inaanza na koo la mtoto. Bakteria ya koo, mwili unaipigana, halafu unajipiga wenyewe kwenye valvu. Valvu ya mitrali inakuwa ngumu, inabana, damu inarudi nyuma na kujaa kwenye atria ya kushoto, atria inapanuka kama puto, na atria iliyopanuka haikosi kuingia fibrilasioni. Uone namna mambo yamegeuka: kwa mzee wa Marseille, cheche njo ugonjwa. Kwa mama wa miaka 35 huku kwetu, cheche ni moshi, moto uko kwenye valvu. Unaweza kuchora umeme wake kwa rangi zote. Ukichoma na kuacha mlango umebana, atria itapanuka tena. Ndiyo maana majaribio ya ablasioni kwa kawaida yanaweka pembeni watu wenye valvu ya mitrali iliyobana sana. Haki yao kisayansi. Lakini basi ile 88% haisemi chochote juu ya huyo mama, hata kidogo, na mtu mwenye anamsomea hiyo namba kama tumaini anamdanganya bila kujua.

Juu yake kuna jaribio lingine, na hili halikutembea sana kwenye simu. INVICTUS, New England Journal of Medicine, 2022. Wagonjwa 4,531 wenye fibrilasioni pamoja na rimatizimu ya moyo, nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Umri wa kati kidogo zaidi ya miaka 50, karibu robo tatu wanawake. Walipambanisha dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, na dawa za zamani za jamii ya warfarini. Kila mtu alitarajia ile mpya itakuwa sawa au itashinda, maana haitaki kupima damu kila mwezi. Kumbe ya zamani ilishinda. Kwenye rivaroksabani walikufa 552, kwenye dawa ya zamani 442, na kutoka damu hakukuongezeka. Kwa nini, bado wanabishana. Wengine wanafikiri kule kurudi hopitali kila mwezi kwa kipimo kulisaidia kivyake. Mimi hiyo ndiyo naona habari kubwa ya miaka hii juu ya fibrilasioni kwa watu kama sisi, na inahusu kidonge cha bei ndogo chenye kina umri kuliko wazazi wetu.

Lakini nayo tuisome kwa jicho lile lile. Warfarini bila kipimo cha INR ni kisu bila mpini. Kidogo mno, damu inaganda. Nyingi mno, mtu anatoka damu kichwani. Kazi nyingine, REMEDY, iliangalia wagonjwa 3,343 wa rimatizimu ya moyo katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa chini ya miaka 28 au hapo hapo. Kati ya wenye INR yao ilipimwa, 28.3% tu ndio walikuwa kwenye kiwango kinachotakiwa. Rwanda imo, Uganda imo, Zambia imo. Kongo haimo. Sisi, na ukubwa wote huu, hatuna hata mstari kwenye ile jedwali.

Na kitu kiko hatarini hapa ni pesa ya jamaa na maisha ya mtu, siyo ubishi wa wasomi. Chukua mfano: mama amepewa karatasi imeandikwa fibrilasioni. Mtoto wake mwenye amesoma, yaani wewe, anafungua simu, anakuta ablasioni, anakuta mashine. Familia inakaa kikao. Parseli inauzwa. Wanapita Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, na kuendelea. Kabla parseli haijauzwa, kuna maswali matatu yenye hayataki ndege. Je, amefanyiwa ekografia ya moyo, na valvu ya mitrali ikoje? Je, anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama ana valvu iliyobana, ni ya jamii ya warfarini? Je, INR yake ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilipimwa lini? Kama hakuna majibu, hiyo safari haijakuwa safari ya ablasioni. Inawezekana ikawa safari ya valvu, kupanuliwa kwa puto au kupasuliwa, na hiyo ndiyo inafaa kuuziwa parseli. Wewe mwenye umesoma ndiyo unapaswa kuuliza kwenye kikao, maana wazee watakuamini hata ukikosea.

Mtu ataniuliza: basi hizo mashine za ramani zisije Afrika? Hapana, zije, na zingine zimeshafika. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, yenye ilianzishwa 2015, inafanya kazi ya umeme wa moyo na ina mtambo wa kuchora ramani. Hapo namna ya kuutumia ndiyo ina maana. Kuna vijana wenye wamezaliwa na waya mmoja wa ziada ndani ya moyo, kati ya atria na ventrikuli. Mapigo yanaruka mpaka 200 bila sababu, shuleni, uwanjani, halafu yanakatika ghafla. Wengi wanaambiwa ni mawazo, au wanapelekwa kuombewa. Mapigo yao ni ya mpango, ramani yao inasema kweli, na ukikata huo waya, kwa wengi sana imeisha, hakuna dawa tena mpaka uzee. ECG ya kawaida inaweza kuwatambua, kama mwenye anaisoma anajua kile anatafuta. Mtambo mmoja wenye unawahudumia hao kwanza, mimi naona umelipa bei yake kuliko ule wenye unakimbilia fibrilasioni ngumu ya kudumu ili tuseme na sisi tumo.

Na mbali kabisa ya mtambo, Gulu, kaskazini ya Uganda, walifanya jaribio la GOAL. Walipima watoto wa miaka 5 mpaka 17 kwa ekografia ndogo ya kubeba, wakafuatilia 818 wenye valvu zilikuwa zimeanza kuharibika bila wao kusikia chochote. Nusu walipigwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hapana. Wenye hali yao ilizidi kuwa mbaya: 0.8% kwenye sindano, 8.2% kwa wengine. Imechapishwa kwenye jarida lile lile lenye lilitoa INVICTUS. Kutoka Uvira mpaka Gulu siyo mbali sawa Marseille, na koo za watoto wetu zinauma sawa koo za kule. Mwenye anatafuta mada ya memwari, hesabu tu: watoto wangapi wa shule moja ya Kimanga wana valvu zenye zimeanza kubana, na wangapi wao wameshawahi kuwekewa ekografia kifuani. Hakuna mwenye amewahesabu.